KERO ZA ABIRIA WENZETU: KUANZIA KIWANJA CHA MANYARA HADI CHINI YA KRETA

Leo siasa naiweka pembeni. Nataka tuzungumzie abiria wenzetu. Wale wanaotukera kwenye viwanja vya ndege, ndani ya ndege, na kwenye magari ya kupandisha Ngorongoro.

Kazi yangu ni kupokea wageni na kuwarudisha. Nawachukua KIA au kiwanja kile kidogo cha Ziwa Manyara, tunalala Karatu, asubuhi tunateremka kreta. Kwa hiyo nawaona wakitua wamenuna, nasikia wanavyosemana, na mimi mwenyewe nimekaa siti ya katikati mara kadhaa kwenda Dar. Nimeona mengi.

Sijaandika hii ili tuwacheke wazungu. Kero haina rangi wala pasipoti. Nimeandika kwa sababu vijana wengi wa hapa wanaingia kwenye kazi za utalii na safari, siku moja anapewa tiketi ya ndege kwa mara ya kwanza, na hakuna mtu aliyemwambia kule ndani watu wanaishije. Anakuwa mkorofi bila kujua. Au anaonewa na mkorofi na hajui afanye nini.

Nimezigawa kero hizi kwenye mafungu. Kuna zinazokera tu, kuna zinazoweza kuua watu, na kuna zile ambazo watu wanalalamika lakini mwenye kosa hayupo. Wengi tunachanganya. Tunamkunjia uso mama mwenye mtoto anayelia, halafu tunamchekea jamaa aliyelewa chakari anayekataa kufunga mkanda. Hapo ndo tunapokosea hesabu.

Haya, twende kazi.

KWANZA TUJUE NDEGE ZENYEWE

Anayetoka Karatu kwenda kupanda ndege ana njia tatu. Ya kwanza ni kiwanja cha Ziwa Manyara, pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ukishapandisha kona za kutoka Mto wa Mbu. Ya pili ni kiwanja cha Arusha pale Kisongo. Ya tatu ni KIA, kati ya Arusha na Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1971.

Manyara zinatua ndege ndogo, na unayoiona sana ni Cessna Caravan. Injini moja, abiria 12 au 13 hivi. Haina choo, haina mhudumu. Rubani mwenyewe anageuka nyuma, anakuambia funga mkanda, mlango uko huku, twende. KIA unapata ndege kubwa zaidi, kama ATR za Precision Air, au Q400 na Airbus za Air Tanzania. Huko kuna wahudumu, choo na makabati ya mizigo juu ya kichwa.

Tofauti hiyo ishike, maana kero ya ndege kubwa ikija kwenye ndege ndogo inaweza kugeuka hatari.

FUNGU LA KWANZA: ZINAZOKERA TU

1. Msimama getini. Ndege haijatangazwa, yeye keshasimama mlangoni na begi begani. Wenzake wakiona wanadhani wameitwa, foleni inajengwa ya bure. Ndugu yangu, siti yako ina namba. Hii si Coaster ya kugombania dirishani pale stendi ya Arusha. Ukipanda wa kwanza au wa mwisho, mnafika saa ile ile. Kuna mwanafizikia Mmarekani, Jason Steffen, mwaka 2008 alichapisha hesabu zake kuhusu namna ya kupakia abiria haraka. Alichoonyesha ni kwamba kinachochelewesha ni watu kuzuiana kwenye ile njia ya katikati wakati kila mmoja anapandisha mzigo wake. Mkiwa wengi mnaopanga mabegi sehemu moja, wote wa nyuma wanasimama. Kwa hiyo pandisha begi lako, ingia kwenye siti, pisha njia. Sweta utavua ukishakaa.

2. Mwenye mabegi matano. Sheria inasema begi moja la mkononi, yeye ana begi, mkoba, mfuko wa zawadi, boksi la keki na kofia ya kimasai. Anajaza kabati lote, wewe wa mwisho unaambiwa begi lako liende chini. Halafu ukimtazama anaangalia dirishani kama hayupo. Hapa nikumbushe na kingine: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na wageni wanatakiwa kuiacha wanapoingia. Mbebe vikapu, si tunavisuka wenyewe?

3. Mpiga teke siti. Magoti yake yako mgongoni mwako safari nzima, na akiamka anavuta kiti chako kama anang'oa muhogo. Kampuni ya kuuza safari ya Expedia iliwahi kuuliza watu mara kadhaa miaka ya 2010 nani anawakera zaidi ndani ya ndege, na huyu wa kupiga kiti kwa nyuma alishika nafasi ya kwanza zaidi ya mara moja. Mara nyingi ni mtoto, lakini mtoto ana mzazi wake pale pembeni anachezea simu.

4. Mlaza kiti. Huyu ana haki, kiti kimetengenezwa kilale. Ila kuna namna. Angalia nyuma kwanza, mwenzio ana chai ya moto? Laza taratibu. Wakati wa kula inua. Safari ya KIA hadi Dar ni kama saa moja na kidogo tu, sasa unalala ili uote nini?

5. Mnyang'anyi wa mkono wa kiti. Mkiwa watatu, wa dirishani ana ukuta wa kuegemea, wa njiani ana nafasi ya kunyoosha mguu, wa katikati hana kitu. Wasafiri wengi wamekubaliana kwamba ile mikono miwili ya kiti cha katikati ni ya wa katikati. Sheria ya maandishi haipo, ni ubinadamu tu.

6. Disko mtembezi. Simu iko kwenye spika, video fupi fupi zinabadilika kila sekunde kumi, mara kicheko, mara ngoma, mara mahubiri. Wengine ni mpira. Wapo hata wanaopiga simu ya video wakiwa kwenye foleni ya ukaguzi: "Mnaniona? Niko eapoti!" Tunakuona kaka, na tunakusikia pia. Hedifoni za bei poa zipo hadi kwenye vibanda vya Karatu mjini.

7. Mwenye harufu. Hapa niwe mkweli, maana hakuna anayependa kuambiwa. Samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, viatu vilivyovuliwa baada ya siku nzima ya vumbi, na manukato yaliyopigwa chupa nusu. Ndege imefungwa, dirisha halishuki. Kwenye basi la Karatu konda anafungua kioo, mnapata upepo wa Makuyuni. Angani hakuna huo upepo. Wenzetu wa Mang'ola wenye vitunguu, mnajua nasema nini... zawadi ya vitunguu ifungeni vizuri iende kwenye mizigo ya chini.

8. Mwinuka haraka. Matairi yamegusa tu, ndege bado inatembea, huyo kasimama anafungua kabati. Begi likimwangukia bibi wa siti ya 12 atasema samahani. Na akishuka hivyo mbio, mtamkuta kwenye mkanda wa mizigo ameegemea kabisa na toroli lake, hakuna mwingine anayeona begi lake. Tukirudi nyuma hatua mbili wote, kila mtu anaona.

9. Mwenye kuamrisha. Anaita mhudumu kwa kupiga vidole au kusema "we dada!" Anadai soda kabla ndege haijapaa. Huyu kwangu ndiye anakera kuliko wote wa fungu hili, kwa sababu anayemtendea hawezi kumjibu, yuko kazini. Yule dada ni mtoto wa mtu, na siku ndege ikipata tatizo, ndiye anayejua mlango unafunguliwaje. Mheshimu.

FUNGU LA PILI: ZINAZOWEZA KUUA

Hapa utani unapungua.

1. Mdanganya uzito. Kwenye ndege ndogo zetu mashirika mengi yanakupa kilo 15, mengine 20, tena begi laini lisilo na fremu, maana sehemu ya mizigo ni ndogo na begi gumu halikunji. Kila msimu naona mtu anafika Manyara na sanduku gumu la kilo 28. Akiambiwa, anaanza kuhamisha vitu mwilini: jaketi tatu, kamera shingoni, mfukoni kaweka viatu. Anadhani kashinda. Hajashinda, uzito ni ule ule, umebadilisha tu mahali. Rubani wa Caravan anapiga hesabu ya uzito wote na anapanga nani akae mbele na nani nyuma ili ndege isielemee upande. Tena Manyara kiwanja kiko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwenye mwinuko na jua la mchana hewa inakuwa nyepesi, mbawa zinapata nguvu kidogo, injini nayo inapungua nguvu, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke. Kwa hiyo ukiulizwa una kilo ngapi, hata wewe mwenyewe, taja ukweli. Hakuna anayekutafutia mchumba pale.

2. Asiyesikiliza maelekezo. Mhudumu anaonyesha mlango, mkanda na jaketi la kuokolea maisha, watu wanachati. "Aah, hizi nimezisikia mara mia." Haya, sikiliza. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini karibu na Ngazija, kule Komoro. Ilikuwa na watu 175, wakafa 125. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamenusurika kwenye ile ajali yenyewe, lakini walishajaza upepo majaketi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi likawanyanyua hadi darini, wakashindwa kuzamia ili watoke mlangoni. Ndiyo maana kila siku wanakwambia: vaa ndani, jaza upepo ukishatoka nje. Sentensi moja hiyo.

Na usiseme sisi wa milimani hayatuhusu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Wavuvi ndio waliofika mapema na mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson ambaye nchi nzima ilimfahamu baadaye. Maji tunayo kila kona ya nchi hii.

3. Mwokoa begi. Moto umeshika, wahudumu wanapiga kelele acheni mizigo, yeye anafungua kabati atoe laptopu. Ndege kubwa za abiria, kabla ya kupewa kibali, inabidi ionyeshwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Hesabu hiyo haina begi ndani yake. Tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikawaka moto. Kwenye ile ndogo walikufa watano kati ya sita. Kwenye ile kubwa walikuwemo 379, na wote 379 walitoka hai, wakiacha mizigo yao iungue. Sisi tungeweza? Kila mtu ajijibu mwenyewe.

4. Mlevi. Shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, lilisema mwaka 2022 kulikuwa na tukio moja la abiria mkorofi kwa kila safari 568, na mwaka 2023 likawa moja kwa kila safari 480. Marekani peke yake mwaka 2021, kipindi kile cha barakoa, ziliripotiwa kesi karibu 6,000. Pombe inatajwa sana kwenye mambo haya. Mtu anapiga bia nne baa ya uwanjani kwa sababu anaogopa kupaa. Dawa ya woga si hiyo. Mwambie mhudumu ukweli, "dada, naogopa, ni mara yangu ya kwanza." Wamezoea, atakuja kukuangalia.

5. Mvuta sigara chooni. Mwaka 1973 ndege ya shirika la Varig la Brazili ilipata moto ikiwa karibu kutua Paris, wakafa watu 123. Moto ulianzia chooni, na inadhaniwa chanzo ni sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi. Leo sigara imekatazwa, lakini ukiingia choo cha ndege utaona bado kuna kijisahani cha majivu mlangoni. Si ruhusa. Kimewekwa ili mjinga akivuta, asizimie kwenye karatasi.

6. Mficha betri. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kwenye begi la kwenda chini. Unabeba nalo mkononi, na kwa kawaida lisizidi wati-saa 100. Sababu: betri ya lithiamu ikiharibika inawaka yenyewe, na kule chini hakuna mtu wa kuiona. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini kule Korea Kusini, wachunguzi wakaelekeza kidole kwenye pawabenki iliyokuwa kabati la juu. Wote 176 walitoka hai. Emirates, ambayo wengi wetu tunaipanda kwenda Uarabuni, ilikataza kutumia pawabenki ndani ya ndege kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025. Kubeba moja unaweza, kuchajia hapana.

7. Mtania bomu. Kwenye ukaguzi unaulizwa kuna nini ndani ya begi, unajibu "bomu" huku unacheka. Wenzio hawacheki. Utaondoka na askari, ndege itaondoka na wenzako. Neno hilo liache nyumbani.

FUNGU LA TATU: SI KOSA LA MTU

Mtoto analia. Wadau, hapa tuwe na moyo. Ndege kubwa inajazwa hewa ili tupumue, lakini haijazwi hadi kufikia ile ya ufukweni. Hewa ya ndani inakuwa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Yaani ni kama umekaa ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambao ni mita 2,300 hivi. Ndege ikishuka, hewa inaongezeka, masikio yanabana. Sisi tunaijua hali hii: ukiteremka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, au ukishuka kreta ule ukuta wa mita 600, masikio yanafanya "pwa". Mtu mzima anameza mate yanafunguka. Mtoto mchanga hajui. Anachojua ni maumivu, analia. Dawa yake ni kunyonya wakati ndege inashuka. Kwa hiyo ukimwona mama amemtoa ziwa mtoto muda huo, geuza macho, mpe kanga kama unayo.

Anayetapika. Caravan haina mfumo wa kujaza hewa, inaruka chini chini, na mchana joto la ardhini linarusha ndege kama gari kwenye makorongo. Mfuko wa karatasi upo mbele yako. Mpasie mwenzio mfuko, mpe maji, basi.

Mwenye mwili mkubwa. Hakutengeneza kile kiti yeye. Walalamikie wanaopanga viti.

Anayeuliza sana. Mzee anakuuliza choo kiko wapi, mkanda unafungwaje, tumefika? Ni mara yake ya kwanza. Na wewe ulikuwa na ya kwanza yako.

HUKU KWETU: NDANI YA GARI NA CHINI YA KRETA

Watu wakishuka kwenye ndege wanadhani uabiria umeisha. Bado. Land Cruiser ya watu sita kwa siku nne ni ndogo kuliko ndege.

Mchelewaji. Kibali cha Ngorongoro kinahesabiwa kwa saa, na lango la Lodoare lina muda wake wa kufungua na kufunga. Mmoja akichelewa kifungua kinywa dakika arobaini, watano wanapoteza saa ya simba. Jioni hivyo hivyo, kreta ina muda wa kutoka, na anayelaumiwa getini ni dereva.

Mpiga kelele. Chui kaonekana, mtu anapiga mluzi ili ageuke apige picha. Au anagonga mlango wa gari. Chini ya kreta kuna faru weusi, wanyama waliowindwa mpaka wakabaki wachache sana. Hawahitaji mluzi wako.

Mshuka gari. Hairuhusiwi kushuka isipokuwa sehemu maalumu, kama Ngoitokitok pale kwenye bwawa la viboko. Julai 2025 video ilisambaa dunia nzima, watalii wameshuka magarini kaskazini mwa Serengeti, wamejipanga kwenye njia ya nyumbu wanaotaka kuvuka mto Mara. TANAPA walilaani. Watu wakawatukana watalii, sawa, lakini mie najiuliza na upande wa pili: madereva walikuwa wapi? Najua jibu, maana niko kwenye kazi hii. Mgeni anakuambia "dakika moja tu", anaonyesha noti ya dola. Au anasema gari lile limekwenda nje ya barabara, kwa nini wewe hutaki? Kijana anawaza tipu, ada ya mtoto, na bosi atakayesikia mgeni kalalamika. Anakata kona. Akikamatwa, mgeni anapanda ndege kurudi kwao, kijana anabaki na faini na pengine bila kazi. Hiyo ndiyo kero yangu kubwa kuliko harufu na mateke yote: abiria anayenunua kosa, na mwingine analilipia.

Mla nje. Ngoitokitok wamejaa mwewe. Ukitoka na kipaja cha kuku mkononi, anashuka kama jiwe, anachukua kuku na ngozi ya kidole. Kula ndani ya gari. Na mabaki yasitupwe, mnyama akizoea chakula cha watu ameharibika.

Mpiga picha bila ruhusa. Ngorongoro toka mwaka 1959 ni eneo la hifadhi ambalo watu na mifugo wamo. Wamasai wanaishi humo, si mapambo. Utaona wale vijana waliotoka jandoni, nguo nyeusi, nyuso zimechorwa chokaa nyeupe, wamesimama kando ya barabara. Mgeni anatoa lenzi ndefu dirishani, anafyatua, gari linaondoka. Hata salamu hakuna. Shuka mahali panaporuhusiwa, salimia, uliza. Akikataa, amekataa. Nayo droni iache, bila kibali hairuhusiwi.

SASA UFANYEJE UKIKERWA?

Moja, anza na salamu. Sisi ni Waswahili bwana. "Shikamoo mzee, samahani, naomba usogeze kidogo mguu." Au "Kaka habari, naomba upunguze sauti, nina kichwa." Neno hilo hilo bila salamu ni ugomvi. Mara nyingi mtu hajui tu kwamba anakera.

Mbili, ukishasema mara moja na hasikii, usirudie wewe. Bonyeza kile kitufe cha juu, mwite mhudumu, mweleze kwa sauti ya chini. Kazi hiyo ni yake.

Tatu, usirekodi video ya kumrusha mtu mitandaoni. Mmeanza kugombana wawili, mtamalizana mahakamani.

Nne, mjue nani mkubwa angani. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 unampa rubani mkuu mamlaka ya kumdhibiti abiria anayehatarisha ndege, hata kumfunga, na kumkabidhi kwa vyombo vya dola ndege ikitua. Haijalishi wewe ni mheshimiwa wa wapi.

Tano, kwa vijana wenzangu madereva: sheria isemeni mapema, Karatu, kabla ya kufika getini. Mgeni akiambiwa sababu kwenye chai asubuhi anaelewa. Akiambiwa "hapana" mbele ya simba anaona umemnyima haki yake.

Mwenye kucheza mziki kwa sauti atashuka na mtasahau. Anayeficha uzito, anayekataa mkanda, anayembembeleza dereva avunje sheria, hao ndio wa kuwakatalia bila kuona aibu, hata kama ni mkubwa wako na hata kama ametoa pesa.

Naomba kuwasilisha. Kuna kero nimeisahau? Tupia hapo chini, ila matusi na majina ya watu sitaki.